Deni la Tarehe 1 Februari: Historia ya Novavax, Mikopo Yake na Kiwavi Chetu

Mimi ni mtu wa agronomia, kwa hiyo mtanisamehe nikianzia shambani.

Yeyote aliyelima muhindi huku kwetu Kivu miaka hii ya mwisho anakijua kiwavijeshi. Unapita asubuhi kati ya mistari, unaona majani yametobolewa, unafungua moyo wa mmea, unakuta kinyesi kama unga wa mbao, na yeye mwenyewe amejikunja ndani. Msimu wetu wa kwanza kisha kupata lisansi, tulikuwa watano wa promosio moja. Tulikodi shamba, tukakopa kwa AVEC ya kijiji, tukaahidi kurudisha mwisho wa mwezi wa kwanza, juu tulihesabu kwamba muhindi utakuwa umekwisha kuvunwa. Kiwavi hakikusoma hesabu yetu. Tulipanda tena mwezi wa kumi na moja. Muhindi mpya ulikuwa mzuri, batu walikuwa wanapita wanausifu, lakini ungekomaa mwezi wa tatu, na deni lilikuwa la mwezi wa kwanza. Tuliuza pompi ya kupulizia dawa. Kilichobaki tulikopa kwa mtu wa banque lambert, na mnajua vile wanahesabuka riba. Tulipovuna, mavuno karibu yote yaliingia kwake.

Tangu msimu ule nimekuwa mtu wa kusoma historia za madeni. Leo ninawaletea moja, ya kampuni ya chanjo inayoitwa Novavax, ya jimbo la Maryland kule Marekani. Hisa zake, zile sisi tunasemaka aksio, zinauzwa kwenye soko la Nasdaq, kila mtu anaziona.

Inatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza, chanjo yake ya Covid inatengenezwa ndani ya chembe ambazo asili yake ni kiwavijeshi yuleyule, Spodoptera frugiperda. La pili, kiungo chake kimoja kimo ndani ya R21, chanjo ya malaria iliyoanza kupewa watoto wa Kongo Central mwaka 2024. Kongo yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nijeria. Na kiungo hicho kilikuwa mikononi mwa kampuni iliyokaribia kufa mara mbili kwa kukosa makuta.

1. KAMPUNI INAYONGOJA

Novavax ilianza mwaka 1987. Kampuni ndogo ya chanjo ni kama mtu aliyepanda kahawa: anangoja miaka mbele ya kuona tunda, lakini wafanyakazi wa shamba wanataka mshahara kila mwezi. Kahawa ni miaka mitatu au minne. Chanjo inaweza kuwa kumi, na inaweza isizae kabisa.

Wakati wa kungoja, makuta inapita kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza: kutoa hisa mpya na kuziuza. Hapo haudaiwi, lakini kila hisa mpya inapunguza sehemu ya wale waliokuwa nazo tangu mwanzo. Mlango wa pili: kukopa. Sehemu yako inabaki nzima, lakini tarehe imeandikwa. Mlango wa tatu: kupata mshirika au mfadhili, ao kuuza kitu ulicho nacho. Historia yote ya Novavax ni historia ya kutembea kati ya milango hii mitatu.

Mbele ya kuingia kwa madeni, niseme kidogo juu ya kiwavi, maana najua mtauliza. Mwaka 1983, kwenye chuo kikuu cha Texas A&M, Gale Smith na Max Summers walionyesha na wenzao kwamba virusi vinavyoua viwavi, vinavyoitwa bakulovirusi, vinaweza kubebeshwa jeni ya kigeni. Sisi wa ulinzi wa mimea tunavisoma kama dawa ya asili ya kupiga wadudu. Wao walivitumia kama mbebaji: virusi vinaingia ndani ya chembe za kiwavi, na chembe zinaanza kutengeneza protini iliyoandikwa kwenye ile jeni. Chembe hizo zinaitwa Sf9, na herufi S na f zimetoka kwa jina la Spodoptera frugiperda. Zimekuwa zikizalishwa ndani ya maabara miaka mingi, kwa hiyo hakuna mtu anayekamata viwavi shambani ili atengeneze chanjo. Protini inasafishwa, chembe zinatupwa. Baadaye Gale Smith mwenyewe alifanya kazi Novavax.

Kitu cha pili kilifika mwaka 2013. Novavax ilinunua kampuni ya Uswidi, Isconova, ya mji wa Uppsala, kwa kama dola milioni 30, na ililipa kwa kutoa hisa zake. Isconova ilikuwa na Matrix-M, kiungo kinachoamsha kinga ya mwili ili chanjo ishike vizuri. Asili yake ni ganda la mti wa Chile, Quillaja saponaria, ambalo ukilisugua ndani ya maji linatoa povu kama sabuni. Kumbukeni mti huu, tutaurudilia.

2. MKOPO WA 2016

Mwaka 2015 Novavax ilikuwa na tumaini kubwa. Ilikuwa na chanjo ya RSV, virusi vinavyobana pumzi ya watoto wachanga na ya wazee. Mwezi wa tisa mwaka ule, Taasisi ya Bill na Melinda Gates iliahidi kuipa mpaka dola milioni 89 ili ijaribiwe kwa wanawake wajawazito. Jaribio lingine kubwa, la wazee, lilikuwa linaendelea.

Njo hapo, mwanzoni mwa 2016, mbele ya matokeo kutoka, kampuni ilipita mlango wa pili. Ilikopa dola milioni 325 kwa riba ya asilimia 3.75 kwa mwaka. Mwisho wa kulipa: tarehe 1 Februari 2023.

Ulikuwa mkopo wa aina ambayo tuielewe vizuri, juu kampuni nyingi ndogo zinautumia. Ni mkopo unaoweza kugeuka hisa. Mkopeshaji anakubali riba ndogo, na kwa kubadilishana anapewa haki: akitaka, badala ya kurudishiwa makuta, achukue hisa kwa bei iliyoandikwa tangu siku ya kwanza. Hapa bei ilikuwa kama dola 6.81 kwa hisa moja. Bei ya soko ikipanda juu ya hapo, mkopeshaji anafaidika na kampuni hailipi hata senti. Ikibaki chini, anadai makuta yake yote. Kampuni inaona ni mkopo wa bei rahisi. Ni kweli ni rahisi, kama chanjo itafaulu.

Mwezi wa tisa mwaka 2016 matokeo ya wazee yalitoka. Chanjo haikufanya kazi. Kwa siku moja hisa ilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya bei yake, na nyuma kidogo karibu asilimia 30 ya wafanyakazi walifukuzwa. Mkopo haukusogea. Riba yake tu, kama dola milioni 12 kila mwaka, iliendelea kutoka ndani ya mfuko ambao haukuwa na kitu cha kuuza.

3. HISA ISHIRINI KUWA MOJA

Tumaini lilibaki kwa mama wajawazito. Jaribio lile lilichukua wanawake zaidi ya 4,600 katika nchi 11, na Afrika Kusini ilikuwa kati ya hizo. Mwisho wa mwezi wa pili 2019 jibu lilitoka: chanjo ilisaidia kiasi, lakini haikufikia lengo lililowekwa. Hisa ilianguka tena, mpaka chini ya dola moja.

Nasdaq ina kanuni: hisa ikikaa chini ya dola moja kwa muda, kampuni inaweza kuondolewa sokoni. Na kampuni isiyo sokoni imefungiwa mlango wa kwanza. Kwa hiyo mwezi wa tano 2019 Novavax ilikunja hisa zake: kila hisa 20 zikawa moja. Ni kama unapeleka noti 20 za franga 500 unarudishiwa noti moja ya franga 10,000. Haukutajirika. Lakini noti ile inaonekana kubwa, na mlinzi wa mlango anakuruhusu kubaki. Hata bei ya kugeuza mkopo ilizidishwa mara 20, ikafika dola 136.20.

Mwezi uliofuata kampuni iliuza viwanda vyake viwili vya Maryland kwa Catalent, kwa dola milioni 18, na karibu wafanyakazi 100 wakaenda pamoja na mashine. Nilipofika kwa mstari huo niliwaza pompi yetu. Kampuni ya chanjo ilikuwa imeuza fasi ya kutengenezea chanjo ili ipate mwezi mwingine wa kupumua. Mwisho wa mwaka hisa ilikuwa karibu dola 4, yaani senti 20 kwa hesabu ya zamani.

4. MVUA YA 2020

Nyuma ya miezi michache Covid ikafika. Kampuni iliyokuwa inasahauliwa ilikuwa na chembe za kiwavi, na Matrix-M, na watu wanaojua kutengeneza protini ya virusi haraka. Muungano wa CEPI uliipa ahadi ya dola milioni 388 kwa jumla. Mwezi wa saba 2020 serikali ya Marekani iliahidi dola bilioni 1.6. Novavax, iliyokuwa imeuza viwanda vyake kwa milioni 18, ilinunua kiwanda kule Bohumil, Jamhuri ya Cheki, kwa kama dola milioni 167.

Mwezi wa pili 2021 hisa ilipita dola 300.

Simameni kidogo hapo. Mkopo wa 2016 ulikuwa unaweza kugeuka hisa kwa dola 136.20, na soko lilikuwa juu ya 300. Deni lote lingeweza kugeuka hisa siku zile. Lakini haki ya kugeuza ni ya mkopeshaji, na mkopeshaji mwenye tarehe ya 2023 hakuwa na haraka: bei ikipanda tena, anafaidika zaidi, ikianguka, atadai makuta. Kampuni ilifaidika na mvua kidogo, iliuza hisa kiasi. Lakini milioni 325 zilibaki zimeandikwa palepale.

Matokeo ya chanjo yalikuwa mazuri. Uingereza, mwezi wa kwanza 2021: kinga ya asilimia 89.3. Marekani na Meksiko, mwezi wa sita, kwa watu karibu 30,000: asilimia 90.4. Kilichokwama ni kiwanda. Kutengeneza chanjo kidogo kwa maabara ni jambo moja. Kuonyesha kwamba kila pishi la kiwanda linafanana na jingine, katika nchi mbalimbali, ni jambo lingine. Wenzetu wa teknolojia ya vyakula wanalijua hili vizuri. Ruhusa ya Marekani ilikuja mwezi wa saba 2022, wakati Wamarekani wengi walikuwa wamekwisha kuchanjwa na Pfizer ao Moderna. Mwezi uliofuata kampuni ilikata kwa nusu makadirio ya mauzo yake ya mwaka, kutoka dola bilioni 4 hadi 5, mpaka kama bilioni 2.

Muhindi ulikuwa mzuri, lakini ulikomaa kisha soko.

5. TAREHE INAFIKA

Mwezi wa kumi na mbili 2022, ikiwa imebaki miezi miwili, Novavax ilienda kutafuta makuta. Ilipita milango miwili kwa pamoja. Iliuza hisa mpya kwa dola 10 kila moja, ikapata kama dola milioni 74.75. Na ilikopa upya dola milioni 175.25, mkopo wa kugeuka tena, riba asilimia 5, mwisho 2027, bei ya kugeuza dola 12.50. Jumla ni milioni 250, mbele ya kutoa gharama. Tarehe 1 Februari 2023 ililipa milioni 325 zote.

Fanyeni hesabu nami. Ili kupata zile milioni 74.75 kwa bei ya dola 10, ilibidi kuuza hisa karibu milioni 7.5. Kwa bei ya mwezi wa pili 2021, hisa 250,000 zingetosha. Na deni la riba ya 3.75 lilizibwa kwa sehemu na deni la riba ya 5. Hii njo kupanga deni upya wakati mgongo uko kwa ukuta: unapata muda, na unaulipia. Wenye hisa wa zamani wanalipa kwa sehemu yao kupungua, na kampuni inalipa kwa riba kupanda.

Tena haikutosha. Tarehe 28 Februari 2023, chini ya kiongozi mpya John Jacobs, kampuni iliandika kwenye taarifa yake kwamba kuna mashaka makubwa kama itaendelea kuishi mwaka mmoja mbele. Kwa mtu anayesoma hesabu, sentensi ile ni kama daktari kuita familia. Cha kushangaza ni kwamba mwisho wa 2022 ilikuwa na karibu dola bilioni 1.3 mkononi. Lakini makuta ya mkononi haikuambii kitu kama hujaangalia ni nani anangoja mlangoni. Mwezi wa tano ilitangaza kupunguza wafanyakazi kwa kama asilimia 25.

6. MAKUTA YA MASIKINI NDANI YA HESABU

Aliyekuwa anangoja mlangoni alikuwa pia Gavi, shirika la kimataifa la chanjo. Hapa wengi wetu tulikuwa ndani bila kujua. Mwaka 2021, kwa ajili ya mpango wa COVAX, ule wa kuletea nchi kama yetu chanjo, Gavi ilikubaliana kununua dozi milioni 350 kutoka Novavax. Ililipa avansi ya kama dola milioni 700. Dozi zilichelewa, uhitaji ukaanguka, zilizoagizwa zikawa chache mno. Mwezi wa kumi na moja 2022 Novavax ilivunja mkataba ikisema Gavi haikuagiza ilichoahidi. Gavi ilisema makuta irudishwe, na wakaenda mbele ya waamuzi wa kimataifa.

Angalieni vile hili linageuza picha. Kwa hesabu ya kampuni, avansi ilikuwa imeisaidia kupita miaka miwili. Yaani mfuko uliowekwa kwa ajili ya nchi masikini ulikuwa, kwa vitendo, mmoja wa wakopeshaji wa kampuni ya Marekani, na bila riba.

Mwezi wa pili 2024 walipatana. Novavax ililipa dola milioni 75 mara moja, na ikakubali milioni 80 kila mwaka mpaka 2028, ambazo zinaweza kupunguzwa kwa kutoa chanjo kwa nchi za kipato cha chini. Ukijumlisha ni milioni 475 zaidi sana, badala ya 700. Gavi ilikubali kidogo na kwa polepole kuliko kuua mdaiwa na kukosa vyote. Mama wa AVEC yetu wanalijua hili bila kwenda chuo: mtu akishindwa, unamkalisha, unapanga naye upya. Ukimnyang'anya jembe, hatakulipa kamwe.

7. MLANGO WA TATU

Kilichookoa kampuni mwishowe ni mshirika. Tarehe 10 Mei 2024 Sanofi ya Ufaransa ilikubali kulipa dola milioni 500 mara moja ili iuze chanjo ya Covid ya Novavax pamoja nayo na itumie Matrix-M, na ahadi ya mpaka milioni 700 nyingine ikiwa hatua fulani zitafikiwa. Ilinunua pia chini ya asilimia 5 ya hisa, kwa dola 10 kila moja. Hisa karibu iliongezeka mara mbili siku hiyohiyo, na kampuni ikafuta ile sentensi ya mashaka.

Bei yake pia tuiseme. Kazi ya kuuza chanjo yake yenyewe ilienda kwa mwingine. Mwezi wa kumi na mbili 2024 kiwanda cha Bohumil kiliuzwa kwa Novo Nordisk kwa dola milioni 200. Mwezi wa tano 2025 Marekani ilitoa ruhusa kamili ya chanjo, kwa wenye miaka 65 na zaidi na kwa wale wa miaka 12 hadi 64 walio na ugonjwa unaowaweka hatarini. Na mwezi wa nane 2025, miaka miwili mbele ya tarehe ya 2027, kampuni ilibadilisha sehemu kubwa ya deni lile kwa mkopo mpya: dola milioni 225 kwa jumla, riba asilimia 4.625, mwisho 2031.

Linganisheni mara hizi mbili. Mwaka 2022 ilienda sokoni ikiwa imebaki miezi miwili, riba ikapanda. Mwaka 2025 ilienda ikiwa imebaki zaidi ya miaka miwili, na mshirika nyuma yake, riba ikashuka.

8. MTI WA CHILE UNAFIKA KONGO CENTRAL

Sasa turudi kwa Matrix-M. R21 ilibuniwa na Chuo Kikuu cha Oxford, na inatengenezwa na Serum Institute ya India, ambayo inapata Matrix-M kutoka Novavax. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwezi wa kumi 2023, mwaka uleule Novavax ilikuwa inaandika kwamba ina mashaka ya kuishi. Mwaka uliofuata mama wa Kongo Central walipanga mstari na watoto mgongoni. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya kile kichupa kuna ganda la mti wa Chile lililonunuliwa kwa hisa, lililovuka majaribio mawili yaliyoshindwa, hisa ishirini kukunjwa kuwa moja, na tarehe 1 Februari 2023.

Kuna atakayesema: kampuni hii iliokolewa na bahati ya Covid na makuta ya serikali, somo gani hapo? Ni kweli, bila mwaka 2020 pengine tusingeandika jina lake leo. Na kuna waliopigwa: aliyenunua hisa kwa dola 300 na kuiona kwa dola 10 alipoteza zaidi ya asilimia 96. Wafanyakazi walifukuzwa mara nyingi kwa makosa ya hesabu ambayo hawakuyafanya. Siwezi kuwaambia hii ni historia nzuri. Ninachosema ni kwamba ubora wa chanjo haukuwa swali mwaka 2023. Asilimia 90 ilikuwa palepale. Swali lilikuwa kalenda.

Wengi wetu humu tuko na miradi: usindikaji wa maziwa, mbegu, famasi ndogo, dispansari. Tunajua kuandika memwari ya kurasa 60 juu ya bidhaa, na ukurasa mmoja juu ya makuta. Mimi sasa, mbele ya kukopa, naandika mistari mitatu kwenye daftari. Deni linaiva lini, na mavuno yanaiva lini, na kiwavi kikija naongeza miezi mingapi? Ni nani ana haki ya kuchagua, mimi ao mkopeshaji? Na kama mwaka huu soko ni zuri, ni deni gani naweza kupunguza leo, mbele halijaniita?

Mwaka jana tulirudi kwa AVEC ileile, tukiwa watatu, wawili walikwisha kuenda Kampala. Mama mwekahazina alituuliza mnataka kulipa lini. Tulimwambia mwisho wa mwezi wa nne. Akacheka, akasema: "Safari hii mumehesabu na kile kidudu." Akaandika.

Pompi mpya tulinunua kwa mavuno hayo. Mwenye swali aulize, tujibizane kama wasomi.